Sili ya pampu ya sirapu: ya tano tangu Januari. Shida ni sili au ni mimi?

Spana_Nyando, Jumanne, saa 3 usiku

Hamjambo wazee wa mitambo. Niko ukanda wa miwa wa Nyando, kiwanda sikitaji kwa sababu bado kinanilisha. Huu ni mwaka wangu wa sita karakana, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja, kwa hivyo pampu niliyoifunga mimi ikivuja, habari hufika kantini kabla yangu.

Pampu yenyewe ni ya kuhamisha sirapu. Inavuta kutoka tangi lililo chini ya ivapereta (mtambo unaochemsha maji yatoke kwenye juisi ya miwa) na kupandisha ghorofani kwenye mapani ya kupikia sukari. Ni pampu ya kawaida ya impela moja, mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, shafti ni milimita 45 pale inapokaa sili, yaani zile nyuso mbili zinazosuguana kuzuia sirapu isivuje shafti inapotokea. Sirapu huwa na briksi (sukari kwa mia) 62 hadi 65, joto kama nyuzi 55. Sili ni ya katriji (inakuja imeunganishwa tayari), ya jozi moja: uso wa kaboni kwa uso wa silikoni kabaidi, springi ndogondogo zimezunguka duara, o-ringi za mpira wa Viton.

Tangu Januari nimefunga tano. Ya kwanza ilidumu wiki tatu. Ya pili siku kumi na moja. Ya tatu ilikaribia mwezi, nikaanza kutembea kifua mbele. Ya nne sitaki kuizungumzia. Ya tano imeanza kutiririka leo asubuhi, na sakafu inanata hivi kwamba ukiinua mguu kiatu kinabaki.

Kabla hamjaniuliza: shafti nimeipima kwa daiali, inayumba milimita 0.03 tu. Beringi ni mpya. Kaplingi, kiungo cha mota na pampu, nimeinyoosha mwenyewe, baridi kisha moto. Bolti za flenji nimezilegeza kuona kama bomba linavuta pampu, halikusogea. Skrubu za slivu (bomba linalovishwa shafti) nilikaza kwanza, klipu za katriji nikatoa baadaye, na shafti nikaizungusha kwa mkono. Pampu B, jirani yake, haina neno, tuiache.

Injinia wangu anasema nafunga vibaya. Mtu wa stoo anasema sili ni ileile, "si ni ya 45?" Kwake sili ni kama kiatu: ukijua namba umemaliza.

Sasa nauliza. Nibadilishe kaboni niweke kitu kigumu? Niombe sili ya jozi mbili, ambayo najua nitaambiwa hakuna pesa? Au nirudi kwa kamba ya kusokomeza kuzunguka shafti, kama zamani?

Na la pembeni: pampu ya kostiki soda tunayochemshia ivapereta wakati wa kuosha, o-ringi za Viton zinatoka ngumu, zimepasukapasuka kama kisigino cha Februari. Hiyo nayo ni nini?

Kamba_Tu, Jumanne, saa 4 usiku

Rudi kwa kamba, dada. Mimi niko Busia na pampu zangu zote ni za kamba. Ikivuja nakaza nati robo mzunguko, narudi kunywa chai. Sili ni mali ya watu wa mafuta na dawa, watu wenye vyumba vyenye baridi. Kamba inakuonya siku nyingi kabla haijakuangusha. Sili inakaa kimya kama mke aliyekasirika, halafu siku moja inamwaga yote.

Spana_Nyando, Jumanne, saa 4 na nusu

Ya mke umeyaleta wewe, mimi sikuyasikia.

Kamba tulikuwa nayo. Kamba kwenye sirapu inahitaji maji ya kuilainisha, la sivyo sukari inakauka ndani yake inakuwa msasa, inakula slivu. Na maji hayo nusu yake yanaingia kwenye sirapu. Chukua zinazoingia lita mbili tu kwa dakika: ni lita 2,880 kwa siku. Karibu tani tatu za maji ambazo ivapereta imetoka kuzitoa, wewe unazirudisha, halafu mapani wanachoma mvuke kuzitoa tena. Mkubwa wa mapani alikuja karakana kwa miguu yake kutuambia hayo, na si kwa lugha niliyoandika hapa.

Maziwa_Nakuru, Jumatano, saa 1 asubuhi

Mimi ni wa maziwa, si wa sukari, lakini nimechoma sili za kutosha kutoa maoni.

Angalia kama kinachopita kati ya nyuso hakigeuki mvuke. Huku Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Tulikuwa na pampu ya maji moto, watu wakaichagulia sili kwa kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekaa ufukweni. Maji yalikuwa nyuzi 88. Ongeza joto la msuguano wa nyuso zenyewe, maji yakawa yanalipuka kuwa mvuke palepale kati ya nyuso. Sili ilikuwa ikipiga pafu, pafu, pafu, na kila nikiifungua kaboni imekatikakatika ukingoni kama biskuti iliyong'atwa na panya. Kisumu mko chini zaidi, mita 1,131 pale ziwani, huko maji yatachemka kwenye 96 hivi, lakini kanuni ni hiyohiyo. Je, kaboni yako ina meno ukingoni? Na pampu inalia kama imebeba kokoto?

Kuhusu kostiki: Viton haiwezani na kostiki ya moto, basi. Inakuwa ngumu na kukatika. Weka mpira wa EPDM. Sisi tunaosha mabomba kwa kostiki ya nyuzi 75 hadi 80 kila siku na EPDM inavumilia. Ila EPDM usiipake grisi ya kawaida wakati wa kufunga! Ni adui wa mafuta ya petroli. Kijana wangu mmoja aliipaka grisi ya beringi ili ipite vizuri kwenye slivu, baada ya siku chache o-ringi ilikuwa imevimba kama mandazi. Maji ya sabuni yanatosha, au grisi ya silikoni.

Spana_Nyando, Jumatano, saa 7 mchana

Asante sana kaka wa maziwa. Ya kostiki nimeelewa, leo naandika karatasi ya stoo.

Kwa sirapu sidhani ni hilo. Nyuzi 55 ni mbali na kuchemka, pampu haina kelele ya kokoto, geji ya kutolea imetulia. Ukingo wa kaboni ni mzima. Katikati ndiyo kuna kitu sijakielewa.

Jaduong_wa_Glendi, Jumatano, saa 2 usiku

Binti yangu, nimesoma yote tangu juu. Umetuambia kila kitu kuhusu sili isipokuwa kimoja: ilivuja *lini*. Sina maana ya tarehe. Ilikuwa inafanya kazi ikaanza kuvuja, au ilikuwa imesimama ikawashwa?

Nenda kwenye kitabu cha shifti. Kwa kila sili kati ya zile tano andika saa iliyovuja, na pampu ilikuwa imesimama kwa muda gani kabla ya hapo. Halafu utuambie hiyo pampu B unayosema haina neno, kwa nini haina neno. Ukiwa na mapacha, mmoja anaugua na mwingine mzima, huachi kumtazama mzima.

Na hiyo sili ya tano, kama bado iko chafu, usiipanguse. Vijana wa siku hizi wakitoa sili jambo la kwanza ni kitambaa na dizeli, wakati uchafu ndio barua yenyewe. Nyuso hizo zinasagwa ziwe bapa mpaka tofauti yake haifiki elfu moja ya milimita, ndiyo maana kila kinachopita huacha alama. Tazama njia ya msuguano kwenye uso ule mgumu. Ikiwa pana kuliko uso wa kaboni, shafti inayumba au inapigwa. Ikiwa inang'aa sehemu mbili tu zinazotazamana, glendi, lile bamba linaloshikilia sili kwenye pampu, imekazwa bolti moja moja mpaka mwisho badala ya kupokezana, imepinda. Ikiwa hakuna njia kabisa, nyuso hazikuwa zikisuguana, skrubu za slivu ziliteleza. Nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda nje kama miale ya jua, hapo palikauka pakachomeka. Kisha tazama pini inayozungusha uso, na springi.

Mimi nilifanya kazi hii miaka thelathini na moja, na nimelaumiwa "umefunga vibaya" mara nyingi kuliko nilivyofunga vibaya. Nilifunga vibaya pia, sikatai.

Spana_Nyando, Ijumaa, saa 3 usiku

Jaduong', mzee wangu, nimekaa na kitabu cha shifti jana mpaka taa zikazimwa.

Sili ya kwanza: mashine za kukata miwa ziliharibika, kiwanda kikasimama saa 19. Pampu A ilipowashwa ikavuja ndani ya dakika kumi. Ya pili: Jumapili, hakukuwa na miwa yadini, Jumatatu saa 12 asubuhi ikavuja. Ya tatu: umeme ulipotea usiku kwa muda wa saa sita. Hiyo haikumwaga mara moja, ilianza kutonesha, siku mbili baadaye ikafunguka. Ya nne: Jumapili tena. Ya tano: hapa ndipo nilipoona haya. Kiwanda hakikusimama. Pampu A peke yake ndiyo iliyokuwa imesimama, siku nne, kwa sababu watu wa zamu wanapenda kutumia B. B ina mota mpya, haina joto, basi B inafanya kazi mchana na usiku na A inakumbukwa B ikipumzishwa tu. Sili ya B ni ya mwaka jana! Ni sili ileile, stoo ileile, na niliifunga mimi.

Yaani inayofanya kazi ndiyo nzima, na inayopumzika ndiyo inayokufa.

Ya tano sikuipangusa. Uso wa silikoni kabaidi una njia nzuri, upana sawa pande zote, lakini juu yake kuna utando wa kahawia unaong'aa kama sukari guru iliyoungua. Kaboni imenyofoka katikati, vishimo vidogovidogo, kama mtu amebandua kitu kilichogundishwa. Ndicho nilichokiona Jumatano nikashindwa kukitaja. Pini moja ya kuzungushia imekatika na nyingine imepinda. Na springi, jaduong', kati ya kumi na mbili saba haziendi wala hazirudi, zimejaa karameli ngumu. Niliigonga kwa kucha ikalia.

Jaduong_wa_Glendi, Jumamosi, saa 4 asubuhi

Sasa tunazungumza. Nitaandika kirefu, mvua imenyesha shamba limelowa, sina pa kwenda.

Sili yako haifi ikizunguka, inakufa ikilala. Watu watakuambia sirapu ni nzito sana kwa sili. Si kweli. Sirapu ya briksi 65 ukiiacha kwenye tangi ipoe mpaka nyuzi 25 haigandi, maana kwa joto hilo maji yanaweza kushika sukari mpaka 67 kwa mia. Ndiyo sababu ndani ya pampu ukifungua unakuta sirapu, hukuti jiwe. Lakini sili yoyote, hata nzima, hupitisha utando mwembamba sana kati ya nyuso zake, ndio unaozilainisha. Utando huo ukifika upande wa pili unakutana na hewa. Pampu ikizunguka ni kitu kidogo, unasukumwa na unaofuata. Pampu ikisimama, maji ya utando yanakauka, sukari inabaki. Saa chache tu nyuso mbili zimekuwa moja. Halafu kijana wa zamu anabonyeza kitufe, mota ya 1,450 inaamka yote kwa mpigo. Kitu lazima kiachie. Kikiachia kwenye kaboni unapata vishimo vyako, kikikataa kuachia pini inakatika.

Niliyaona haya kwa wingi nusu ya pili ya mwaka 2023, wakati usagaji ulipositishwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Nilikuwa nimeshastaafu, kiwanda kimoja kikaniita kuja kuamsha pampu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuwasha nne za sirapu na molasi bila kuzungusha shafti kwa mkono. Zote nne zilivunja sili asubuhi ileile. Zilizobaki nilizilaza usiku mzima na maji ya moto, kesho yake zikazunguka kwa mkono kama mlango uliotiwa mafuta.

Dawa yake kubwa ni maji ya nyuma. Ndivyo tulivyokuwa tukiyaita, kwenye vitabu vya API, wale Wamarekani wa viwango vya mafuta, ni mpango namba 62. Tazama bamba la glendi la katriji yako, litakuwa na matundu yenye herufi. F ni ya kuingiza maji upande wa sirapu. Hiyo usiiguse, utamrudisha mkubwa wa mapani karakana. Q ni ya upande wa hewa, nyuma ya nyuso. D, ya chini, ni ya kutolea. Maji ya moto yanaingia Q, yanasuuza mgongo wa nyuso, yanatoka D. Hayachanganyiki na sirapu, kazi yake ni kuhakikisha sukari iliyopenya haipati hewa ya kukaukia. Mna kondenseti ya ivapereta, maji ya mvuke uliopoa, inayomwagwa bure, tumia hiyo ikiwa haina sukari. Nyuzi 60 au 70 ni sawa. Lita moja kwa dakika inatosha, bila nguvu, mtiririko wa birika. Ukifungua sana yatapita kwenye bushi ya nje yaingie beringi, na utakuwa umetibu jino kwa kutoboa jicho. Bomba la D liache wazi lionekane linatoka, lisiende kujificha kwenye mfereji, maana siku likianza kutoa sirapu badala ya maji ndiyo siku ya kuagiza sili.

Maji haya hayafungwi pampu ikisimama! Hapo ndipo yanapohitajika. Watu wanafunga valvu kwa sababu mashine imezimwa, wanaona wanaokoa. Kama lazima yafungwe, yafunguliwe dakika ishirini kabla ya kuwasha, kisha shafti izungushwe kwa mkono. Ikikataa, usibishane nayo kwa mota, ipe maji zaidi.

Nyuso: kaboni haifai hapo, hata kwa maji ya nyuma mimi nisingeiweka. Kaboni ni uso wa maji safi. Weka ngumu kwa ngumu, silikoni kabaidi kwa silikoni kabaidi, au tangsteni kabaidi kwa silikoni kabaidi. Hizo hata zikigandana zinaachana bila kunyofoka. Ubaya wake hazisamehe ukavu. Kaboni ikikauka kidogo inajipaka yenyewe, ngumu kwa ngumu zikikauka zinalia kama mbuzi na kupasuka. Kwa hivyo tangi likiisha sirapu pampu izimwe.

Springi ndogondogo zilizo ndani ya sirapu ni mtego. Omba sili yenye springi moja kubwa, au ile ambayo springi zake zimekaa nje, hazigusani na sirapu. Ukichukua springi moja kubwa uliza mwelekeo wa mzunguko, baadhi zimesokotwa za kulia au za kushoto, ukiweka kinyume inajilegeza yenyewe.

Viton kwenye sirapu ya nyuzi 55 ni sawa, hiyo wacha. Lakini maji ya moto yakianza kupita nyuma yake, na ukitaka siku moja kutumia mvuke, EPDM inavumilia maji moto na mvuke kuliko Viton. Na kwa pampu ya kostiki, kijana wa Nakuru amesema vizuri, ila ameacha moja. Silikoni kabaidi ziko za aina mbili. Moja ina silikoni huru ndani yake, kostiki kali inailamba hiyo silikoni na uso unabaki kama sifongo. Unataka ile iliyochomwa bila silikoni huru. Kwa macho huzitofautishi, iandikwe kwenye karatasi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wako na stoo. Ukiandika "sili 45" watakupa 45. Andika inabeba nini, joto, briksi, shinikizo la chumba cha sili, mizunguko, upande inakozunguka, nyuso zote mbili ni za nini, o-ringi ni za nini, na "iwe na matundu ya Q na D". Wakileta tofauti una karatasi.

Na waambie watu wa zamu wapokezane A na B kila siku mbili. Hii ni bure.

Maziwa_Nakuru, Jumamosi, saa 6 mchana

Jaduong' hiyo ya silikoni huru sikuijua, nimeenda kuangalia rafu yetu mara moja. Swali: kwa nini asitumie mvuke moja kwa moja badala ya maji? Sisi mvuke upo kila mahali.

Jaduong_wa_Glendi, Jumamosi, saa 7 mchana

Anaweza, ila mvuke lazima uwe mkavu na mdogo sana, na viwandani mvuke mdogo hupatikana kwa valvu ambayo mtu ameifungua "kidogo". Kesho yake mwingine ameifungua zaidi. Nimeona glendi ikipuliza mvuke mpaka grisi ya beringi ikawa chai. Maji yanasamehe.

Kamba_Tu, Jumamosi, saa 11 jioni

Mimi bado ni mtu wa kamba. Lakini ile ya kuacha maji wazi pampu ikisimama, kumbe hata kamba zangu za molasi zinakula slivu kwa sababu hiyo. Tunafungaga maji kila Jumamosi.

Spana_Nyando, wiki saba baadaye, Jumatano, saa 2 usiku

Nilisema nitarudi, nimerudi.

Kwanza kichekesho. Jumatatu ile nilienda kutafuta matundu ya glendi. Q ilikuwepo, D ilikuwepo, na zote mbili zilikuwa bado na vifuniko vyekundu vya plastiki, vile vinavyokuja na sili kutoka kiwandani kuzuia vumbi. Nikaenda kwenye pipa la sili zilizokufa, nikazitoa zile nne nyingine. Zote na vifuniko vyake. Sili tano nimezifunga kwa mikono yangu na tundu la dawa nikiwa nimeliziba kila mara, kwa hivyo injinia alikuwa na haki robo. Nimemwambia ni robo, si zaidi.

Bomba la kondenseti lilikuwa mita tisa kutoka pampu. Nilivuta bomba la nusu inchi, valvu moja ya kufungia na nyingine ya sindano ya kupimia. Kupima nilitumia jagi la kantini la lita moja na saa ya simu. Valvu ya sindano nikaitoa mkono wake nikauweka mfukoni, ninao hata sasa, maana mtu wa zamu ya usiku alikuwa ameshaanza kuifunga "kuokoa maji". D nimeielekeza kwenye faneli iliyo wazi palipo na mwanga.

Sili mpya, silikoni kabaidi kwa silikoni kabaidi, springi za nje, ilichukua wiki tatu kufika. Katikati hapo nilifunga kaboni ya mwisho iliyokuwa stoo, na maji ya nyuma yakiwa wazi. Nilitaka kuona. Ilivumilia Jumapili mbili. Niliitoa ikiwa nzima kuweka hiyo mpya, njia ya msuguano safi, hakuna kahawia. Nimeihifadhi kwenye kitambaa kama akiba. Jaduong' najua ulisema kaboni haifai, sibishi, naripoti tu.

Pampu A imesimamishwa na kuwashwa mara tisa tangu wakati huo, moja baada ya saa 31 za kukosa miwa. Faneli inatoa maji meupe. Watu wa zamu wanapokezana A na B, wakikumbuka. Nimeandika kwa chaki ukutani A kwa siku shufwa, B kwa siku witiri, mtu akaongeza chini yake "na Spana kila siku".

Pampu ya kostiki imepata EPDM. Ile silikoni kabaidi isiyo na silikoni huru bado tunaibishania na muuzaji, anasema "ni nzuri tu mama", mimi namwambia aandike. Hajaandika bado.

Na leo asubuhi nimepita stoo. Wamepokea sili sita mpya za pampu ya sirapu, agizo la mwezi wa pili ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Kaboni, springi ndogondogo, vifuniko vyekundu. Mtu wa stoo alikuwa anazipanga kwenye rafu, ananionyesha kwa furaha.

"Si ni za 45?"